Jua likikataa Arusha na Moshi: mboga za baridi nje, kroshia ndani

Kuanzia Juni mpaka katikati ya Agosti, kiangazi cha Arusha na Moshi mara nyingi huwa cha jina tu. Masika yamekwisha, lakini jua halitoki: mlima umefunikwa kutwa, manyunyu ya alfajiri yanafika saa nne, na nyanya zilizopandwa Mei kwa matumaini zinapata madoa meusi kabla hazijatoa hata ua. Kadiri unavyopanda kuelekea Ngaramtoni au Machame ndivyo baridi inavyozidi. Moshi mjini kuna nafuu kwa sababu mji uko chini, mita 800 hadi 900 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati Arusha mjini ni kama mita 1,400.

Ushauri wetu ni kuacha kubishana na hali ya hewa. Majani na mizizi vinavumilia mawingu, kwa hiyo tuta lipewe hivyo. Na kwa kuwa mbegu za msimu huu zinachelewa kuota, na hakuna mtu anayefaidika kwa kukanyaga tuta lililolowa, zile saa za kukaa ndani zitoshe kujifunza kroshia, yaani kufuma uzi kwa sindano moja yenye ndoano. Mwisho wa mwongozo huu kazi hizo mbili zinakutana kwenye wavu wa njegere.

Tuta liwe upande gani

Hili watu wengi hawaliangalii, na msimu wa mawingu ndilo linaloamua. Mwezi Juni na Julai jua la mchana linapita kaskazini yetu. Ukuta wa uzio wenye urefu wa mita 2 unaweka kivuli cha kama mita 1 upande wa kusini saa sita mchana. Asubuhi na jioni kivuli ni kirefu zaidi. Kwa hiyo tuta lililo nyuma ya ukuta, upande wa kusini, linakosa hata ule mwanga kidogo uliopo.

Kwa bahati nzuri, Arusha iko kusini ya Meru na Moshi iko kusini ya Kilimanjaro. Weka tuta upande wa ukuta unaotazama mlima, hata kama mlima wenyewe hauonekani wiki nzima. Kama bustani iko chini ya migomba, punguza majani yaliyokauka na yanayoning'inia. Kivuli cha mgomba ambacho Januari ni msaada, Julai ni hasara.

Upana wa tuta usizidi mita 1, ili ufike katikati bila kulikanyaga. Liinue sentimita 20, maana maji ya manyunyu hayaonekani kuwa mengi lakini udongo haukauki. Changanya ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, kwa kina cha jembe. Samadi iliyooza haina joto wala harufu ya zizi. Mbichi inaunguza miche na kuleta magugu. Sehemu nyingi chini ya Meru udongo ni wa volkano na ni mwepesi, kwa hiyo usiongeze mchanga. Kwenye mfinyanzi mweusi wa tambarare, zidisha samadi iwe ndoo moja na nusu.

Asiye na uwanja atumie kiroba. Simamisha kopo la rangi lisilo na kitako katikati ya kiroba, lijaze kokoto, jaza pembeni mchanganyiko wa ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi, kisha vuta kopo juu na urudie mpaka kiroba kijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo inayopeleka maji chini. Bila hiyo, juu kunaoza na chini kunabaki kukavu. Toboa matundu ya pembeni kwa umbali wa sentimita 25, na panda sukuma wiki juu, spinachi pembeni.

Cha kupanda, na cha kuacha

Chainizi, sukuma wiki, spinachi, saladi, mnafu, liki, karoti, giligilani na njegere zinaenda vizuri na baridi. Mchicha unapenda joto: Moshi mjini panda bila wasiwasi, lakini Arusha utadumaa, na ule unaovunwa wiki ya nne wakati wa joto unaweza kukusubirisha hadi ya sita. Hoho na bilinganya ziache kabisa.

Nafasi kati ya mche na mche: sukuma wiki sentimita 45, chainizi 30, saladi 25, mnafu 30. Karoti hazihamishwi. Sia moja kwa moja kwenye mifereji yenye kina cha sentimita 1, mstari hadi mstari sentimita 25, funika kwa gunia lililoloweshwa na ulichungulie kila siku kuanzia siku ya nane. Baridi inaweza kuchelewesha kuota hadi wiki ya tatu, na wengi hulima upya wakidhani mbegu ni mbovu. Mche wa kwanza ukitokeza, gunia litoke siku hiyohiyo. Zikifika sentimita 5 punguza, ziachane sentimita 5. Karoti zenye miguu miwili au mitatu zimekutana na jiwe au samadi mbichi.

Mnafu unastahili maneno zaidi. Ukichukua mbegu kutoka kwenye matunda yaliyoiva, yaponde ndani ya maji, osha mpaka ute wote uishe, kisha anika kivulini juu ya gazeti. Ute ukibaki mbegu inaota vibaya. Ukinunua, ulizia Nduruma au Olevolosi, aina zilizotokana na utafiti wa mboga pale Tengeru. Majani yake ni mapana. Mbegu ni ndogo mno, hivyo changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vijiko vitano vya mchanga mkavu kabla ya kusia, la sivyo zitaota zimebanana.

Giligilani ni punje yenye mbegu mbili ndani. Isugue kwa chupa ipasuke kwanza, iloweke usiku mmoja, ndipo usie.

Kitaluni: kinyausi

Ukikuta miche imelala chini asubuhi, shina limenywea pale linapotoka ardhini kana kwamba limebanwa kwa uzi, hicho ni kinyausi. Ni vimelea vya udongoni vinavyopenda baridi, unyevu na msongamano. Miche ikishalala hainuki. Kinga ni hii: mwagia udongo wa kitalu maji yanayochemka siku mbili kabla ya kusia, sia kwa mistari iliyoachana sentimita 10, na mwagilia asubuhi tu. Kidole kikiingia hadi kiungo cha pili na kutoka na udongo ulioshikamana, usimwagilie siku hiyo. Kwa Julai ya Arusha, mara moja kila baada ya siku mbili au tatu inatosha kabisa. Ikizuka, ng'oa miche iliyolala pamoja na udongo wa pembeni kwa upana wa kiganja, na acha kitalu kikauke.

Kuhamisha ni baada ya wiki nne hivi, au tano kwa mnafu, mche ukiwa na majani manne au matano ya kweli. Siku ya mawingu, ambayo sasa hazikosi, ndiyo bora: mche haunyauki.

Mche uliokatwa juu kidogo ya ardhi na kuachwa hapohapo ni kazi ya sota, kiwavi wa udongoni. Fukua kwa kidole pale pale, utamkuta amejikunja. Konokono waokote alfajiri. Majivu ambayo kila mtu anayashauri yanawazuia yakiwa makavu, na manyunyu yakipita mara moja yanakuwa uji usiomzuia yeyote. Kinachofanya kazi ni kisahani kilichofukiwa usawa wa udongo chenye kinywaji kilichochacha. Masalia ya mbege yanatosha, usiwape nzima. Vidukari kwenye sukuma wiki huoshwa kwa kijiko cha chai cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji, ukilenga mgongo wa jani, kwa sababu ndipo wanapokaa.

Kwa mwenye nyanya tayari: madoa ya kahawia yenye ukingo wa maji, na ukungu mweupe chini ya jani asubuhi, ni bakajani chelewa. Kata majani yote yanayogusa ardhi, usimwagilie juu, na simika paa la nailoni angavu juu ya vijiti, pembeni pawe wazi. Dawa za ukungu za mankozebi hukinga jani ambalo bado ni zima na haziponyi lililoshikwa, kwa hiyo fuata kipimo cha kwenye pakiti na usitegemee muujiza. Nyanya mpya zisie mwishoni mwa Julai, ili zihamie shambani Agosti ikiisha, jua likirudi.

Uzi na sindano

Anza na sindano ya kroshia namba 5, yaani milimita 5, na uzi wa akriliki wa unene wa kati, rangi ya kupauka. Kosa la kawaida ni kuanzia na uzi mweusi, ambao mishono yake haionekani jioni umeme ukiwa hafifu, au na ule uzi mwembamba wa pamba wa vitambaa vya kochi. Vitambaa hivyo vinahitaji sindano ya milimita 1.5 hadi 2 na macho yaliyozoea. Viache vije baadaye.

Uzi wa bei nafuu zaidi umelala kwenye marundo ya mitumba, Kilombero kwa Arusha na Memorial kwa Moshi. Lakini si kila sweta linafumuka. Ligeuze ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kufungwa kwa nyuzi nyingi ndogo za cherehani, liache, kwa sababu kila mstari umekatwa na utapata vipande vya urefu wa mkono. Unalotaka lina ukingo uliofumwa mzima, na vipande vyake vimeunganishwa kwa mnyororo mmoja wa uzi. Tazama pia kama sufu imeganda kwa kufuliwa na maji ya moto. Nyuzi zake haziachani tena.

Kata mnyororo wa mabegani na ubavuni, ondoa kola, kisha fumua kuanzia juu kwenda chini. Masweta mengi hufumwa kutoka kiunoni kwenda juu, hivyo ukianzia chini uzi unakwama kila hatua. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne kwa kipande cha uzi mwingine ili usitatizike, loweka dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, suuza, tundika na chupa ya maji ya nusu lita chini yake. Uzito huo unanyoosha mikunjo. Msimu huu inachukua siku mbili au tatu barazani kukauka. Usipige pasi akriliki, itakuwa laini na kulegea moja kwa moja.

Hujui ni uzi gani? Choma ncha ya kipande kidogo juu ya sahani. Akriliki inayeyuka na kubaki tone gumu. Sufu inanuka nywele na majivu yake yanasagika. Uzi wa sweta la mashine ukiwa mwembamba, shika nyuzi mbili au tatu pamoja.

Cheni, singo, dabo

Funga kitanzi kinachokaza kwenye sindano, kamata uzi, uvute kupitia kitanzi: hiyo ni cheni moja. Fuma 21. Kila cheni iwe pana kiasi cha sindano kupita tena bila kulazimisha. Wanaoanza hukaza kwa sababu wanavuta uzi wakiwa kwenye shingo nyembamba ya sindano, badala ya kuacha kitanzi kifike kwenye mwili wake mnene.

Singo: ingia kwenye cheni ya pili kutoka kwenye sindano, kamata uzi, uvute, sasa una vitanzi viwili, kamata tena, pitisha katika vyote viwili. Endelea hadi mwisho, upate 20. Fuma cheni moja, geuza kazi, na sasa ingia chini ya nyuzi zote mbili za juu za kila mshono.

Dabo: zungusha uzi kwenye sindano kwanza, ingia, kamata, vuta, una vitanzi vitatu, kamata, pitisha katika viwili, kamata, pitisha katika viwili vilivyobaki. Kwa dabo 20 unaanza na cheni 22 na kuingia kwenye ya nne kutoka kwenye sindano. Zile tatu ulizoruka zinahesabika kuwa dabo moja. Ukigeuza unapanda kwa cheni 3, ambazo nazo ni dabo ya kwanza.

Kazi ikianza kuwa pembetatu, umeacha mshono wa mwisho, ambao kwenye dabo umejificha juu ya zile cheni 3 za mstari uliotangulia. Ikipanuka, umeingia mara mbili kwenye mshono wa kwanza. Hesabu kila mstari kwa wiki ya kwanza. Hakuna njia nyingine tunayoiamini.

Ukichukua maelekezo ya mtandaoni, fahamu kwamba Marekani na Uingereza hawaelewani kwenye majina. Singo ya Marekani inaitwa dabo Uingereza, na dabo ya Marekani ni trebo kwao. Maelekezo yakitaja singo popote, ni ya Kimarekani. Hapa tunafuata ya Kimarekani.

Kofia ya baridi

Donge moja la gramu 100 linatosha kofia ya mtu mzima. Pima kichwa juu ya masikio. Tuseme ni sentimita 56. Toa 4 kwa ajili ya kuvutika, gawanya kwa 3.14, unapata kama 16.5. Huo ndio upana wa mduara wa utosini kabla ya kuacha kuongeza.

Fuma cheni 4, ziunganishe ziwe pete. Raundi ya kwanza: cheni 3, kisha dabo 11 ndani ya pete, jumla 12, unganisha na juu ya cheni 3. Raundi ya pili: dabo mbili kwenye kila mshono, 24. Ya tatu: moja, kisha mbili kwenye mshono unaofuata, rudia, 36. Ya nne: moja, moja, mbili, 48. Ya tano: moja tatu, kisha mbili, 60. Weka rula. Kama bado hujafika 16.5, raundi ya sita ongeza 6 tu, yaani dabo mbili kwenye kila mshono wa kumi, 66.

Mduara ukifanya mawimbi, umeongeza kupita kiasi au uzi wako umelegea. Ukijikunja juu mapema, nyongeza hazitoshi au unakaza. Kutoka hapo fuma bila kuongeza, kama raundi 8 au 9, mpaka toka utosini hadi ukingoni pawe sentimita 20. Malizia kwa raundi mbili za singo. Mkia wa uzi uuchomeke kwa sindano ya kushonea upande mmoja sentimita 5, kisha urudi nyuma. Ukikata tu na kufunga fundo, litafumuka likifuliwa mara ya pili.

Wavu wa njegere

Njegere husiwa moja kwa moja, punje kila sentimita 5, kina cha sentimita 3. Zikifika sentimita 15 zinaanza kutafuta pa kushika, kwa hiyo una kama wiki tatu za kufuma tangu uzisie.

Chukua kamba nyembamba ya manila ya milimita 3, sindano ya milimita 8 au vidole vyako tu. Kamba nene ya mita 2 ndiyo ya juu. Ifunge kwenye migongo ya viti viwili. Shika kamba nyembamba kwa singo moja kuzunguka kamba ya juu, fuma cheni 16, singo nyingine sentimita 15 mbele, cheni 16, na kadhalika hadi uwe na vitanzi 10. Geuza, fuma cheni 16, singo katikati ya kitanzi cha kwanza, cheni 16, singo katikati ya kinachofuata. Kila mstari uwe na vitanzi 10. Kila mstari unashuka kiasi cha sentimita 7, hivyo mistari 16 inakupa zaidi kidogo ya mita 1.

Cheni inakula kamba mara tatu hadi nne ya urefu unaouona. Kabla ya kununua, fuma cheni 16 na singo moja, zifumue, pima, zidisha kwa 160. Kwa kamba ya milimita 3 tarajia kama mita 130. Kamba ya katani nayo inafaa na inaoza pamoja na mabua, ila inakwaruza vidole na ikilowa inakaza, kwa hiyo ongeza cheni mbili kwenye kila kitanzi.

Simamisha nguzo mbili zilizoachana mita 1.5, zizame sentimita 40, na ncha za kamba ya juu zifungwe kwa fundo linalofunguka. Wavu uutundike upande wa kusini wa mstari wa njegere, ili mmea ubaki upande wa jua. Mavuno yakiisha, baada ya miezi mitatu hivi, kata mabua usawa wa ardhi na uiache mizizi udongoni, kwa sababu vinundu vyake vina naitrojeni itakayolisha sukuma wiki utakayopanda hapo. Mabua yakikauka yakung'ute, na wavu wa manila utaendelea kutumika misimu kadhaa.